Maafa: namna ya kulitumia neno zito bila kulipunguzia uzito

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga iliifunga Simba mabao 5-1 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kijana mmoja wa dawati letu la michezo akaleta kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MAAFA KWA MKAPA. Zamu ya kusahihisha ilikuwa yangu. Nikacheka, nikakipitisha.

Jumapili nne baadaye, alfajiri ya tarehe 3 Desemba, tope, mawe na magogo yakashuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu wakafukiwa ndani ya nyumba zao. Jioni ile tulikaa mbele ya kompyuta tukitafuta neno la kuweka juu ya picha. Lililotosha lilikuwa moja tu, na tulikuwa tumeshalimaliza kwenye mpira.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusumbua wenzangu kuhusu neno maafa. Mwongozo huu ni majibu ya maswali ambayo wao hunirudishia. Utamfaa anayeandika habari, afisa mtendaji anayeandaa taarifa ya kijiji, mwanafunzi wa insha, na hata msimamizi wa kundi la WhatsApp la ukoo ambaye usiku wa manane hulazimika kutangaza jambo baya kwa watu wengi kwa mara moja.

Hatua ya kwanza: jua lilikotoka

Wengi hudhani maafa ni mtoto wa kufa. Kwa sikio inaingia akilini: kufa, kifo, maafa. Lakini sivyo. Neno hili ni la Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni kitu kinachokiharibu kilicho kizima: ugonjwa wa mazao, mdudu wa nafaka, kasoro inayokula jambo kutoka ndani. Mpaka leo Waarabu huwaita wadudu waharibifu wa mashamba kwa neno hilohilo. Wana pia msemo kwamba afa ya elimu ni kusahau. Waliokaa chuoni mbele ya maalimu huenda waliusikia kabla ya kujua kusoma gazeti.

Kiswahili kililipokea kama afa, kikalitia kwenye ngeli ya LI-YA, wingi wake maafa. Umoja bado umo kwenye kamusi, ila mdomoni mwa watu umekufa. Sijasikia mtu akisema "afa hili" sokoni wala redioni. Tumebaki na wingi. Ndiyo maana kuna a mbili, na zote mbili hutamkwa: ma-a-fa, mkazo ukiwa kwenye ile a ya katikati. Usiandike "mafa". Na kagua simu yako kabla ya kutuma, kwa sababu yangu mimi hubadili maafa kuwa Mafia, na nimewahi kuwaambia ndugu zangu kwamba kuna watu wamekumbwa na Mafia.

Asili hiyo ina faida moja ya vitendo. Afa humtazama aliyeharibiwa kuliko kilichomharibu. Chukua kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872. Kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba, na Pemba kikaipita bila kuidhuru sana. Kwa Unguja yalikuwa maafa, kwani maisha ya watu yalikuwa yanategemea miti ile. Kwa Pemba ulikuwa upepo mkali, na baada ya hapo ndiyo ikaja kushika nafasi ya kwanza katika karafuu. Upepo ulikuwa mmoja, lakini neno la Unguja halikufaa Pemba.

Hatua ya pili: usipime tukio, pima watu

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na hapa nitakaa.

Mwandishi mgeni huuliza: tukio ni kubwa kiasi gani? Tetemeko lilikuwa na ukubwa gani, mvua ilinyesha milimita ngapi, moto ulipanda juu kiasi gani. Hayo ni ya kuandikwa, lakini hayakuambii kama ni maafa. Swali lenyewe ni hili: waliopigwa wanaweza kujinasua kwa mikono yao na mali zao? Wakiweza, una neno jingine. Wakizidiwa, hata majirani zao wakazidiwa, hapo unaweza kuandika maafa.

Wenye kazi ya kukabiliana na maafa hutofautisha maneno mawili ambayo magazeti huyachanganya kila siku. Janga ni kile chenye uwezo wa kudhuru: ukame, nzige, mafuriko, tetemeko, ugonjwa. Maafa ni matokeo pale janga linapokutana na watu likawazidi nguvu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 mkoani Kagera, la ukubwa wa 5.9, lingetikisa pori tupu lingekuwa janga lililopita bila shahidi. Lilitikisa Bukoba na vijiji vyake, nyumba zikaanguka juu ya wenyewe.

Turudi Katesh, tulipange lile tukio moja moja, maana siku ile sisi tuliandika yote kwa mkupuo. Kwanza mvua: hiyo ni hali ya hewa, iite mvua kubwa, usiipandishe cheo. Kisha sehemu ya mlima iliyolowa ikameguka: hayo ni maporomoko. Magazeti mengi saa za mwanzo yaliandika mafuriko, na picha zenyewe zilikataa, kwa sababu mafuriko ni maji, na pale watu walikuwa wanachimbuliwa kutoka kwenye tope zito lenye magogo. Tope likiwa linashuka kwenye korongo, ni janga lililo njiani. Lilipoingia sokoni na vyumbani mwa watu waliolala, yakawa maafa. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wanajeshi waliingia kuchimba. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari akarudi. Ukiona mtaa umeshindwa, wilaya imeshindwa, mkoa umeomba, na nchi nzima imeshuka pale, huna haja ya kusitasita tena na neno.

Ngazi hizo nimezitaja makusudi. Ndivyo hata serikali zetu zilivyolipanga neno. Tanzania Bara ina Idara ya Menejimenti ya Maafa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kamati za maafa kuanzia kijijini hadi taifani. Zanzibar ina Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa. Kwa hiyo ukiandika neno hili kwenye taarifa rasmi unafanya zaidi ya kueleza huzuni, unasema pia kwamba kuna ngazi imezidiwa na ya juu yake inaombwa isogee. Mtendaji wa kijiji anayeandika "maafa" kwa paa tatu zilizoezuliwa na upepo, siku ya maafa yenyewe hatasikilizwa haraka.

Mfano wa kupimia mkono ni Kariakoo, Dar es Salaam, ambako janga na maafa yametokea mahali pamoja. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua. Hasara ilikuwa kubwa, wafanyabiashara walilia hadharani, lakini mimi niliandika "janga la moto" na bado nalitetea. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaporomoka mtaa wa jirani likiwa na watu ndani. Uokoaji ulichukua siku kadhaa, watu wakitolewa mmoja mmoja, zaidi ya 20 wakafa. Hapo niliandika maafa bila kumuuliza mtu. Kuna mwenzangu anayesema hata ule moto wa 2021 ulistahili, kwa kuwa mwenye kibanda kimoja hana namna ya kujinasua. Hoja yake si ya kutupa. Kipimo hiki si rula.

Hatua ya tatu: wajue majirani zake

Kabla hujaandika maafa, hakikisha hukuwa unataka mmoja wa hawa.

Janga nimeshalieleza, niongeze mambo mawili. Kwanza, ndilo neno lililobeba magonjwa yanayoenea dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona imefikia kiwango hicho, Kiswahili hakikuhangaika: janga la korona, baadaye janga la UVIKO-19. Ugonjwa unaozuka ghafla sehemu moja bado ni mlipuko. Pili, janga lina upande wa kujitakia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na hakuna methali inayosema mtu huchuma maafa. Ukitaka kuonyesha kwamba mtu mmoja alifanya ujinga na ukoo mzima ukalipa, janga ndilo lako.

Baa ni la zamani na hupenda kuandamana na mambo mawili: baa la njaa, baa la nzige. Kenya linasikika zaidi, hasa kwenye habari za kaunti kame. Lina uzito wa kitu kinachoenea polepole juu ya nchi. Nyumba iliyoungua haiwi baa.

Balaa ni la Kiarabu pia, na huko lina maana ya mtihani, mja kujaribiwa. Wazee wetu bado hulitumia hivyo wanapoomba dua ya kuepushwa na balaa. Mtaani limelegea sana, hadi limekuwa sifa: "yule winga ni balaa" maana yake anacheza vizuri mno. Kwa hiyo kwenye habari ya vifo, balaa ni neno la hatari. Msomaji mmoja atasikia dua na mwingine atasikia mpira. Ukitaka kulikaza, kuna "balaa na beluwa", ila hilo ni la hadithi na mazungumzo.

Msiba ndilo neno linalonivutia kuliko yote. Linatokana na mzizi wa kupiga shabaha, kulenga na kupata. Mzizi huo tumeuacha pia kwenye kitenzi: yaliyomsibu, yakatusibu. Ukiandika "masaibu" au "maswaibu", kama Wakenya wanavyopenda, umeandika wingi wa Kiarabu wa neno lilelile. Tanzania Bara msiba umesogea ukawa kifo na matanga yenyewe: nyumba ya msiba, naenda msibani, kamati ya msiba. Maafa ni ya watu wengi kwa pamoja. Msiba una mlango, una turubai nje, una mtu wa kumpa mkono. Katesh yalikuwa maafa mamoja na misiba zaidi ya themanini.

Mkasa, kwa mwandishi wa Nairobi, ni tukio la kuhuzunisha: mkasa wa moto bwenini, mkasa wa barabarani. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, mkasa ni kisa, jambo lililomtokea mtu na lenye kusimuliwa, wakati mwingine hata la kuchekesha. Ukiandikia wasomaji wa pande zote mbili, lipishe.

Nakama lina harufu ya kulipiziwa, ya adhabu. Gharika na tufani ni za maji na upepo, usizifanye za moto. Kiama tuachie mahubiri na wanasiasa wanaowatangazia wala rushwa kwamba kiama chao kimefika. Zahama, tafrani, kizaazaa, patashika: hayo yote ni vurugu, hayana maiti ndani yake, na ndiyo yaliyotakiwa na kijana wetu wa michezo.

Limebaki ajali, nalo ni la kuangaliwa kwa jicho la pekee. Kwa asili ajali ni siku ya mtu iliyoandikwa, muda wake wa kuondoka duniani. Ndiyo maana tunasema ajali haina kinga: huwezi kuizuia siku iliyoandikwa. Sasa neno hilo tumelitwisha mabasi, mabomba ya mafuta na meli. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na waliokufa peke yao walizidi 200. Kuyaita hayo ajali si kosa la kamusi. Lakini ukishasema ajali umeshamwambia msomaji, bila kukusudia, kwamba siku zao zilikuwa zimefika. Mimi hupenda kuandika kilichotokea kwa kitenzi: kivuko kilipinduka, meli ilizama. Kitenzi kinamwacha msomaji aulize nani aliiruhusu iondoke gatini.

Hatua ya nne: lipe sarufi yake

Hii nitaipita haraka. Ni maafa haya, maafa makubwa, maafa yaliyotokea. "Maafa hii" ni kosa, na "maafa kubwa" vilevile. Kwa kuwa umoja umekufa, usijaribu kuhesabu "maafa mawili". Sema matukio mawili ya maafa. Najua mimi mwenyewe hapo juu nimeandika "maafa mamoja". Nilitaka yasimame mbele ya misiba themanini, na mhariri wangu angekuwa na haki ya kuyakata.

Janga hili, majanga haya. "Janga hii" imezagaa redioni lakini haijawa sahihi. Balaa lina njia mbili, balaa hili na balaa hii, na ya pili utaisikia zaidi pwani.

Vitenzi vina ndoa zake. Maafa hutokea, huzikumba nchi, huwafika watu. Watu hukumbwa na maafa, hupatwa na maafa. Serikali hukabiliana nayo. Janga huzuka, huingia, hudhibitiwa. Balaa hushuka, huzushwa na watu, huepushwa na Mungu. Msiba hufika: tumefikwa na msiba. Ukiandika "maafa yamefanyika" umeyafanya kuwa mkutano. Na usiseme "maafa yamepiga" bila kusema yamempiga nani. Kwa Kiswahili kitenzi hicho hubaki kinaning'inia.

Hatua ya tano: hesabu watu, usihesabu maafa

Hapa pana desturi iliyoenea kwenye matangazo ya habari, hasa Kenya na kwenye idhaa za nje: "idadi ya maafa imefikia hamsini." Anayetangaza anamaanisha waliokufa. Msikilizaji wa Tanga anasikia matukio hamsini ya maangamizi, anaanza kupiga simu kwa ndugu. Sema waliofariki ni hamsini. Ni maneno machache zaidi, na hayana utata.

Halafu kuna watu wenyewe. Tumezoea "wahanga wa maafa", na mimi nimeyaandika mara nyingi kabla ya kusimama nikafikiri. Mhanga ni anayetolewa kafara. Kujitoa mhanga ni kuutoa uhai kwa hiari. Mama aliyekuwa amelala na wanawe hakujitoa kwa lolote. Tanzania tunaandika waathirika, Kenya huandika waathiriwa, na walimu wa sarufi wamegombana juu ya hizo herufi mbili tangu nianze kazi. Hoja ya Wakenya ni nzuri, kwamba hawa wameathiriwa na kitu. Ila kwa Tanzania waathirika pia lilishikamana kwa miaka na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na baadhi ya wasomaji bado hulisikia hivyo. Mara nyingi hakuna haja ya lolote kati ya hayo. Andika waliobomolewa nyumba, waliofiwa, waliohamishiwa shuleni. Unapata maana kamili na unajilazimisha kujua hasa nini kilimpata nani.

Manusura ni neno zuri na halibadiliki: manusura mmoja, manusura kumi. Linatoka kwenye nusura, kusaidiwa. Kwa hiyo mtu hunusurika kifo au hunusurika kufa. Aliyevunjika mguu hakunusurika mguu. Huyo ni majeruhi.

Hatua ya sita: uliza kama kuna aliyefanya

Neno maafa halina mtendaji. Ukisema maafa yametokea, ni kama yametokea yenyewe. Kwa kimbunga hilo linafaa. Kwa mauaji linaficha. Yaliyotokea Rwanda mwaka 1994 ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kuyaita maafa ni kuwafuta wauaji kwenye sentensi. Yaliyowapata Wayahudi chini ya utawala wa Hitler huitwa maangamizi, na tazama neno hilo lilivyojengwa: angamia ni kupotea, angamiza ni kumpoteza mwingine, maangamizi ni kazi ya mwenye kuangamiza. Ile -iz- ya katikati imembeba mtuhumiwa.

Jambo hili limewahi kubishaniwa mbali kabisa na sisi, na kwa maneno yetu. Marekani, mwanaanthropolojia Marimba Ani alilichukua neno maafa katika maandishi yake ya miaka ya 1980 akalifanya jina la utumwa na yote yaliyowapata Waafrika waliovushwa bahari na vizazi vyao. Likashika. Mjini New Orleans kila Julai watu huvaa nguo nyeupe, wakakusanyika Congo Square kukumbuka Maafa, kwa herufi kubwa, kama jina la mtu. Lakini Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuipa majina ya Kiswahili, akapendelea Maangamizi. Hoja yake ni kwamba maafa yanaweza kuwa bahati mbaya, na utumwa haukuwa bahati mbaya.

Nimekulia Kiswahili, na nadhani kwa sarufi Karenga ana haki. Hata hivyo nakumbuka maana ile ya kale, ya mdudu anayekula nafaka kutoka ndani, na namwelewa pia Ani. Kwa mwandishi wa huku, la kushika ni hili: msomaji wa Unguja au Bagamoyo ukimwandikia "Maafa" peke yake hatajua unazungumzia utumwa. Atauliza maafa gani. Andika biashara ya utumwa, kama watu wa Mkunazini, Unguja, wanavyosema wanapomwonyesha mgeni mahali lilipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Jina la Kimarekani uliweke pale tu unapowazungumzia Wamarekani hao.

Hatua ya saba: likubali la mtaani, lakini kwenye kibaraza chake

Simkatazi mtu kusema "majanga!" gari la mwendokasi likimpita limejaa. Vijana wa Dar walilifanya neno hilo kuwa mguno miaka kumi na kitu iliyopita na halijaondoka. Msala, noma, soo, yote yana kazi yake. Kwenye mazungumzo yaliyoandikwa ndani ya alama za kunukuu, yaache yalivyo. Kinachoniudhi ni kichwa cha habari kinachoazima uzito wa wafu ili kuuza gazeti la timu iliyofungwa. Kama lazima kishindo kiwepo, kipigo kipo, kichapo kipo, aibu ipo, na kizaazaa kipo hapo juu.

Hatua ya nane: mbele ya mfiwa, liache mlangoni

Miaka mingi iliyopita, kabla sijakaa kwenye dawati, nilitumwa kijiji kimoja kilichoingiliwa na mto usiku. Watu walikuwa wamehifadhiwa kwenye madarasa. Nikamkuta mzee ameketi kwenye dawati la mwanafunzi wa darasa la pili, magoti yamemfika kifuani, ameshika kandambili moja ya mtoto. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia. Nikafungua daftari nikamuuliza maafa haya yamemwathiri vipi.

Akaniangalia. "Maafa gani, baba? Mimi nimefiwa."

Nikafunga daftari.

Kwa hiyo: maafa ni neno la kuzungumzia watu, halifai kuwaambia wenyewe. Usimwambie mtu "poleni na maafa". Sema poleni na msiba kama kuna aliyekufa. Kama hujui kama kuna aliyekufa, sema poleni kwa yaliyowafika. Hilo linamfaa aliyepoteza mtoto na aliyepoteza mbuzi. Ukimjua ni Muislamu na wewe ni wa imani hiyo, kuna maneno yake na huhitaji kuelekezwa. Ukiwa mgeni, Mungu awape subira inatosha, na kaa chini kabla ya kuyasema. Rambirambi za mtu aliyesimama zina haraka ndani yake. Maswali yako ya habari yasubiri hadi mwenyewe aanze kusimulia. Akikujibu "tumeshapoa", usiandike kwamba hali yake inaendelea vizuri. Ndivyo tunavyojibu pole.